Kazi yako iko wapi? Kutunza depo ya GitHub bila kutoka ndani ya VS Code



Kila mwaka, wakati wa utetezi wa TFC na memwari unapokaribia, kuna mwanafunzi anayezunguka muji na mashini mukononi, akitafuta mutu wa kumufungulia diski iliyokufa. Ao ni flashi inayokataa kusomwa. Ao mashini yenyewe imeibiwa. Watu wanamupa pole, kisha wanamuambia: "Ungefanya kopi." Lakini kopi gani, wapi, na ya siku gani? Wengi wetu tuko na kopi kumi: memwari_final, memwari_final2, memwari_final_ya_kweli, na hakuna anayejua ni ipi njo ya kweli.

Kwa mutu wa agronomia, hasara hiyo iko na beyi ingine. Hapa Haut-Katanga mahindi inapandwa mvua inapoanza, karibu mwezi wa kumi na moja ao wa kumi na mbili, na inavunwa mwezi wa ine ao wa tano. Ukipoteza vipimo vya shamba, hauwezi kurudia juma lijalo. Unangojea mvua ya mwaka mwingine. Mutu wa sosiolojia aliyepoteza majibu ya wakaaji wa kata fulani naye hawezi kurudi kuwauliza watu wale wale maswali yale yale.

Wenzetu wa informatike, pale UNILU ao ESIS, wako na dawa ya ugonjwa huu tangu zamani: depo ya kode kwenye GitHub, inayotunzwa kutoka ndani ya editere. Sisi wengine tunafikiri ni kitu cha watu wa programu tu. Si kweli. Kama unatumia R ao Python kwa takwimu zako, kama uko na tablo za vipimo, inakuhusu. Lakini kuna njia mbili za kufanya kazi na depo hiyo, hazifanani, na mutu asiyejua tofauti yake anaweza kupoteza kazi akifikiri imehifadhiwa. Njo hiyo nataka kueleza leo.

Git, GitHub, VS Code: vitu vitatu, si kimoja

Tuanze kwa kutenganisha majina, juu watu wanayachanganya.

Git ni programu inayokaa ndani ya mashini yako na kuandika historia ya fishie zako: nani alibadilisha nini, siku gani. Linus Torvalds, yule aliyeanzisha Linux, aliiandika mwaka 2005, wakati kampuni iliyokuwa inawapa watu wa Linux chombo kama hicho bure iliondoa ruhusa hiyo. Git haiombi intaneti. Unaweza kuitumia kijijini bila rezo hata moja.

GitHub ni kampuni, ilianza 2008, na Microsoft iliinunua 2018 kwa dolare miliari 7.5. Yenyewe inatunza depo za Git kwenye mashini zake kubwa, mbali na sisi. Hiyo njo watu wanaita "wingu". Hakuna wingu lolote: ni mashini ya mutu mwingine, inayowaka usiku na muchana, na unaifikia kwa intaneti. GitLab na Bitbucket zinafanya kazi hiyo hiyo.

Visual Studio Code, tuiite VS Code, ni editere: programu ya kuandikia kode na maandishi. Microsoft iliionyesha mara ya kwanza 2015. Ni ya bure, inaenda kwenye Windows, Linux na macOS. Toka mwanzo ilijua kuongea na Git, njo maana hauna lazima ya kukariri amri za terminali. Unaweza hata kuiongeza ekstensio ya Kifaransa kama Kiingereza kinakusumbua. Majina ya butoni ninayoandika hapa ni yale ya Kiingereza.

Na "depo"? Ni dosie ya kawaida, na ndani yake kuna dosie ingine iliyofichwa, inayoitwa .git. Hiyo iliyofichwa njo inabeba historia yote.

Shamba, mufuko, ghala

Ukielewa sehemu hii, imebaki kidogo.

Fikiria mavuno. Mahindi iliyovunwa inaweza kuwa katika hali tatu. Kwanza, iko chini shambani: umeivuna, lakini mvua ikinyesha imeharibika. Pili, umeitia ndani ya mifuko, umefunga, umeandika juu ya kila mufuko uzito, siku na jina la shamba. Tatu, mifuko imefika ghalani mujini.

Kazi yako ndani ya editere inapita hali hizo tatu:

1. Unapobonyeza Ctrl+S, fishie imehifadhiwa kwenye diski yako. Ni mahindi iliyo chini shambani. Ipo, lakini haina jina wala siku, na ukiifuta kesho hakuna historia ndani ya Git.

2. Unapofanya komiti (si komite ya asosiasio yetu, ni komiti ya Git), umefunga mufuko. Unachagua mabadiliko, unaandika ujumbe mufupi, "Nimesahihisha uzito wa bloku 3", na Git inaweka jina lako na saa. Toka hapo unaweza kurudia hali hiyo siku yoyote. Lakini mufuko ungali kwako nyumbani.

3. Unapotuma, yaani unabonyeza "Push" ao "Sync Changes", mufuko umefika ghalani: GitHub. Mashini yako ikiibiwa usiku huo, kazi haijapotea.

Mwanafunzi anayesema "niko na GitHub, sina wasiwasi", na hajatuma kitu toka wiki tatu, mifuko yake iko nyumbani. Kama hajafanya hata komiti, mahindi yake ingali chini. Jina la GitHub halimusaidie kitu.

VS Code inakuonyesha uko wapi, ukijua pa kuangalia. Upande wa kushoto kuna alama yenye kufanana na tawi la muti. Ndani yake kuna orodha ya fishie ulizogusa. Herufi M inasema fishie imebadilishwa, U inasema ni mupya na Git haijaanza kuifuata, D inasema imefutwa. Hiyo ni mahindi iliyo chini. Halafu, kwenye mustari wa chini kabisa wa dirisha, karibu na jina la tawi lako, kuna mishale miwili na hesabu. Mushale wa kupanda na 3 pembeni: komiti tatu zinangojea kutumwa. Mushale wa kushuka na 2: wenzako wametuma komiti mbili ambazo haujazivuta. Kabla ya kufunga mashini, angalia mustari huo. Ni sekunde moja.

Njia ya kwanza: kukloni, kuwa na depo nzima kwako

Kukloni ni kuleta depo nzima, pamoja na historia yake, ndani ya mashini yako. Unahitaji kuweka Git na VS Code kwanza. Kisha Ctrl+Shift+P, unaandika "Git: Clone", unachagua GitHub. Navigateri inafunguka, unaingia kwenye konti yako, unakubali, unarudi kwenye editere. Unachagua depo na dosie ya kuiwekea. Imeisha.

Kama kazi yako ingali dosie ya kawaida ambayo haijawa depo, ifungue ndani ya VS Code, enda kwenye ile alama ya tawi, ubonyeze "Publish to GitHub". Itakuuliza: depo ya siri ao ya wazi? Chagua ya siri. Toka mwezi wa ine 2020, GitHub inatoa bure depo za siri, na unaweza kualika wenzako wengi kama unavyotaka. Direktere wako wa memwari anaweza kuingia kama mumoja wao.

Mara ya kwanza Git itakuuliza jina na barua-pepe ya kutia kwenye komiti. Andika zako. Kama mashini ni ya labo na watu kumi wanaitumia, hakikisha jina lililomo si la mwenzako wa mwaka uliopita; bila hivyo kazi yako yote itasainiwa na yeye.

Uzuri wa kukloni ni huu: unafanya kazi bila intaneti. Unaandika, unafanya komiti tano ao kumi, unaangalia historia, unarudia hali ya juzi, yote bila mega hata moja. Intaneti unaiomba dakika ya kutuma na ya kuvuta tu. Na Git ina akili: inatuma mabadiliko, haitumi upya kila fishie. Tablo ya vipimo ya shamba la bloku 4 na matibabu 4 ina mistari 16. Kuituma ni kitu kidogo kuliko picha moja ya WhatsApp.

Ubaya: kama depo ni kubwa na ya zamani, kloni ya kwanza inaweza kumaliza forfe yako, juu inaleta historia yote. Kuna dawa: ndani ya terminali andika git clone --depth 1, kisha anwani ya depo. Itakuletea hali ya leo tu, bila miaka iliyopita.

Njia ya pili: kufungua depo mbali, bila kuileta

Toka 2021 kuna njia ingine. Ndani ya VS Code unaweka ekstensio inayoitwa GitHub Repositories, kisha unachagua "Open Remote Repository". Dosie zinaonekana upande wa kushoto kama kawaida, lakini haziko kwako. Kila fishie unayofungua inaletwa wakati ule ule. Zile ambazo haufungui hazikuli mega.

Ndugu yake ni github.dev. Hauweki kitu chochote: ukiwa ndani ya navigateri, kwenye ukurasa wa depo, umeingia kwenye konti yako, unabonyeza tu nukta kwenye klavye. Ukurasa unageuka kuwa VS Code.

Tufanye jaribio na depo ya kweli. Munajua Ushahidi: programu iliyoanzishwa Kenya mwezi wa kwanza 2008, kisha fujo ya uchaguzi, na kina Ory Okolloh, Juliana Rotich, Erik Hersman na David Kobia, ili watu watume habari ya mambo waliyoona na ziwekwe kwenye karte. Mwaka ule ule ilitumiwa pia kufuatilia vita vya mashariki mwa Congo yetu. Kode yake iko wazi kwenye GitHub, chini ya jina ushahidi/platform. Iko na historia ya miaka mingi, na ukikloni yote unalipa mega za miaka hiyo yote. Lakini ukiifungua mbali na kubonyeza fishie mbili tatu, unasoma namna wanavyopokea ujumbe na kuuhifadhi, unafunga, unaenda kulala. Kwa kusoma kode ya wengine, hakuna njia nzuri kuliko hii.

Inafaa pia kwa kusahihisha kitu kidogo: neno moja, hesabu moja, wakati uko na mashini ya kuazima ambayo haina Git.

Sasa sikiliza vizuri, njo hapa tofauti iko.

Kwanza, katika njia hii komiti na kutuma ni tendo moja. Hakuna mufuko unaobaki nyumbani. Ukibonyeza komiti, inaenda moja kwa moja GitHub. Rezo ikikatika, komiti haifanyike.

Pili, mabadiliko ambayo haujafanyia komiti yanangojea kwenye mashini uliyokalia. Kwenye github.dev yanakaa ndani ya kumbukumbu ya navigateri ile. Watu wanaona neno "GitHub" kwenye kona na kufikiri kila herufi wanayoandika imefika Marekani. Hapana. Ukiandika saa mbili kwenye siberi, ukafunga bila komiti, na mwenye siberi akafuta historia ya navigateri jioni, saa mbili zako zimeenda.

Tatu, kode haitembei hapo. Hakuna terminali, hakuna R, hakuna Python. Ni kusoma na kuandika tu. Kama unataka kuendesha analizi, unarudi kwenye kloni. Editere yenyewe iko na amri "Continue Working On" ya kukuhamisha.

Kuna pia njia ya tatu, Codespaces, ambamo GitHub inakuazima mashini nzima kule mbali: terminali iko, R unaweza kuiweka. Konti ya bure inapata masaa 120 ya prosesa kwa mwezi, na kwa kuwa mashini ndogo kabisa iko na prosesa mbili, hiyo inakuwa masaa 60. Inasaidia mutu mwenye mashini zaifu. Lakini inaomba rezo iliyo imara wakati wote, na hapa kwetu rezo imara wakati wote ni neno kubwa.

Kwa mutu wa Lubumbashi, ni ipi?

Vitabu vya Ulaya vinasema: fungua mbali, ni mwepesi. Vinasemea watu ambao intaneti kwao ni kama hewa. Sisi tunahesabu mega, na umeme unaweza kukatika katikati ya sentensi. Njo maana kwangu kanuni ni hii:

Kazi yako mwenyewe, ile ya TFC ao memwari: kloni. Lazima uweze kuendelea wakati hakuna rezo, na kila komiti ikae salama kwenye diski hadi dakika utakapopata intaneti.

Kazi ya wengine unayotaka kusoma: fungua mbali.

Mashini ya kuazima na sahihisho dogo: fungua mbali, komiti kila dakika chache, usingojee mwisho.

Na kwa kulinda forfe: VS Code inatoka na versio mupya mara nyingi na inapenda kuipakua yenyewe, karibu mega mia kila mara. Ingia kwenye mipangilio, tafuta "update mode", weka "manual". Fanya hivyo hivyo kwa ekstensio. Ikikuuliza kama unataka ivute habari za depo yenyewe kila wakati, jibu hapana. Utavuta wewe asubuhi kabla ya kuanza.

Tia CSV, acha Excel

Git inasoma maandishi. Fishie ya R, ya Python, ya CSV, ya maandishi ya kawaida: ukibonyeza jina lake kwenye ile orodha, VS Code inaweka hali ya zamani kushoto na ya sasa kulia, mustari uliotoka kwa rangi nyekundu, ulioingia kwa kijani. Kama mutu amegeuza mavuno ya bloku 3 kutoka tani 2,4 kuwa 4,2 kwa hektari, unaona mustari huo mumoja, na kwenye "Timeline" unaona nani na siku gani. Fishie ya Excel ao Word, Git itakuambia tu kwamba imebadilika. Ni nini ndani, haijui.

Sasa kuna mutego wa sisi watu wa Kifaransa. Excel ya Kifaransa inaandika 2,4 kwa virgule na kutenganisha safu kwa nukta-virgule. Ya Kiingereza inaandika 2.4 na kutenganisha kwa virgule. Mwenzako akifungua CSV yako ndani ya Excel yake na kuihifadhi, mistari yote inaweza kugeuka. Ukiona fishie nzima imekuwa nyekundu na kijani, na alikuambia amegusa mustari mumoja, usifanye komiti. Rudisha, kubalianeni namna moja. Ndani ya R, read.csv2 inasoma ile ya Kifaransa na read.csv inasoma ile ya Kiingereza.

Wawili wakigusa mustari mumoja

Mukiwa wawili kwenye depo moja, siku moja itatokea: wewe umeandika 2,4 na yeye ameandika 2,6 kwenye mustari ule ule. Git haitachagua. Itasimamisha kila kitu na kuonyesha zote mbili, na VS Code itakupa butoni za kuchukua yako, kuchukua yake, ao kubakiza zote.

Kubofya ni rahisi, na njo hatari. Kama ni sentensi ya maandishi, sawa, chagua iliyo nzuri. Kama ni kipimo cha shamba, butoni haina jibu. Jibu liko ndani ya kayie ya shambani, ile iliyoandikwa kwa bike mbele ya balansi. Pigia mwenzako simu, fungueni kayie, halafu mubofye. Git imekufanyia kazi kubwa: imekuonyesha kwamba hesabu mbili hazipatane. Ndani ya memwari_final2 haungeona kitu.

Vitu visivyoingia ndani ya depo

Kwanza, fishie kubwa. GitHub inakataa fishie inayopita mega 100. Picha za drone na za satelite zitafutie fasi ingine.

Pili, siri zako: neno la siri, jetoni ya kuingilia, ufunguo wa benki ya data.

Tatu, na hii inatuhusu sana: watu. Tunafanya ankete kwa wakulima, tunaandika jina, namba ya simu, posisio ya GPS ya shamba, mapato ya nyumba. Mukulima alikujibu wewe, hakujibu dunia nzima. Ondoa majina, weka namba za siri, mukulima 01, mukulima 02, na orodha ya kuunganisha ikae nje ya depo. Tengeneza fishie inayoitwa .gitignore na uandike ndani yake majina ya fishie ambazo Git isiguse. Fanya mbele ya komiti ya kwanza, juu Git haisahau. Ukifuta orodha leo kwa komiti mupya, ya jana ingali ndani ya historia, na kama depo ni ya wazi, yeyote anaweza kuirudia. Nchi yetu iko na Kode ya Numerike toka tarehe 13 mwezi wa tatu 2023, Ordonansi-lwa 23/010, na ulinzi wa habari za watu uko ndani yake. Lakini hata bila sheria, ni heshima.

Mulango na ufunguo

Toka tarehe 13 mwezi wa nane 2021, GitHub haikubali tena neno la siri kwa kazi za Git. VS Code inapita kwa navigateri na kupewa jetoni, ambayo inabaki ndani ya mashini. Kwenye mashini yako ni vizuri. Kwenye mashini ya watu, umeacha ufunguo mulangoni. Kabla ya kusimama, bonyeza alama ya konti kwenye kona ya chini kushoto, toka, toka pia kwenye navigateri. Ukisahau, ingia kwa simu kwenye mipangilio ya GitHub, uangalie "Sessions" na "Applications", ufunge usiyoitambua.

Toka 2023 GitHub imeanza pia kudai uhakikisho wa pili, mara nyingi kwa simu. Simu zinaibiwa. Siku utakapoweka uhakikisho huo utapewa kode za kuokoa: ziandike kwenye karatasi na uziweke pamoja na diplome zako. Mutu aliyepoteza simu na kode hizo anaweza kukosa kuingia ghalani kwake mwenyewe, na mahindi yake iko ndani.

Kwa nini inatuhusu sisi wote

Pale Penga-Penga, kata iliyo kwenye upepo wa shominee ya Gécamines, Fakulte ya agronomia ya UNILU ilifanya majaribio ya kufunika udongo uliojaa shaba kwa majani ya Microchloa kunthii, pamoja na chokaa na mbolea ya viumbe. Utafiti wa namna hiyo haumalizike na memwari moja. Majani inapimwa mwaka huu, mwaka ujao, na mingine inayofuata, na wanafunzi wanapita. Anayekuja nyuma anahitaji vipimo vya aliyetangulia, vikiwa na siku, na jina la aliyepima, na kode iliyotoa tablo. Kama vilibaki ndani ya mashini ya mutu aliyeenda kutafuta kazi Kolwezi, anaanza upya, ao anakopia hesabu kutoka kwenye PDF bila kujua zilitoka wapi.

Depo moja ya siri, kwa jina la labo ao la timu na si la mutu mumoja, inaondoa shida hiyo. Hailipishwe. Inaomba zoezi tu: kuvuta asubuhi, komiti yenye ujumbe unaoeleweka kila unapomaliza kitu, kutuma kabla ya kufunga.

Basi, leo mbele ya kulala, fungua mashini yako ujiulize swali moja: kazi yangu iko shambani, ndani ya mufuko, ao ghalani? Kama uko mwaka wa mwisho na jibu si "ghalani", iko dakika kumi za kufanya usiku huu. Na anayekwama kwenye hatua yoyote, aandike hapa chini hatua gani na maneno gani mashini ilimuonyesha. Wale wa informatike wako humu, na sisi wa mashamba pia tumeshazoea.